Nani Ameshika Mkasi?



Wapendwa wasomaji, tafakari ya juma hili inatoka kidogo nje ya njia tuliyoizoea. Baadhi yenu, hasa wenye watoto na ndugu waishio Marekani, mmeniuliza juu ya michango ya filamu. Kijana mweusi ametunga hadithi ya kusisimua, hana studio inayomsikiliza, basi anaweka tangazo katika mtandao na kuwaomba watu wasiomjua wamchangie dola kumi, ishirini au mia moja. Swali lenu ni moja, ingawa limevaa mavazi mengi: je, ni vema kutoa fedha kwa ajili ya filamu ya hofu na damu, ilhali wahitaji wamejaa malangoni petu? Wengine mmeongeza kwamba huo ni uombaomba wa kisasa. Mimi sioni hivyo, na nitajitahidi kueleza kwa nini. Lakini sitaanza na mtandao; nitaanza na mkasi.

Mwaka 1973 mwongozaji mweusi wa Marekani aitwaye Bill Gunn alikamilisha filamu ya Ganja & Hess. Waliomlipia gharama walikuwa wametaka kitu chepesi. Mwaka uliotangulia filamu ya Blacula, hadithi ya mnyonya damu mweusi, ilikuwa imeleta faida nzuri, nao walitamani kupata ya kwao. Gunn alizipokea fedha zao, yapata dola 350,000, akatengeneza jambo jingine kabisa: hadithi ya msomi tajiri, Dakta Hess Green, ambaye anachomwa kwa jambia la kale na tangu siku hiyo hawezi kufa, wala hawezi kuishi pasipo damu. Ni filamu inayokwenda polepole, iliyojaa nyimbo za kanisani, na inayouzungumzia uraibu kwa namna ambayo kila aliyewahi kumuuguza mlevi nyumbani ataitambua. Dereva wa Hess ni mchungaji. Mwishoni tajiri yule anaingia katika kanisa la dereva wake, kisha anakwenda kufa chini ya kivuli cha msalaba.

Filamu hiyo ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, katika Juma la Wahakiki. Nyumbani New York haikudumu. Wenye nayo wakaiuza, na walioipokea wakashika mkasi: wakakata zaidi ya nusu saa, wakaviunganisha upya vipande vilivyobaki, wakaiuza kwa majina mengine, mojawapo likiwa Blood Couple. Nakala kamili ilisalimika katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa, New York. Gunn alifariki mwaka 1989, na kwa miaka mingi watazamaji wa kawaida waliijua tu ile iliyokatwakatwa.

Tusiwalaumu kupita kiasi wale wafanyabiashara. Hawakuiba kitu. Filamu ilikuwa mali yao, na mwenye mali ndiye apangaye. Hapo hasa ndipo lilipo jambo lenyewe. Mshairi akihitaji kalamu na karatasi atavipata hata akiwa fukara. Mtengeneza filamu anahitaji kamera, taa, waigizaji, mafundi wa sauti, magari, na chakula cha watu thelathini kwa majuma matatu. Hawezi kuanza bila fedha ya mwingine, na fedha ya mwingine huja pamoja na mkono wa mwingine. Kwa watu weusi wa Marekani mkono huo, kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, ulikuwa wa watu wasiowajua wala hawakuwa na haja ya kuwajua.

Oscar Micheaux aliliona hilo mapema. Alizaliwa mwaka 1884 katika jimbo la Illinois. Alitumika kama mhudumu katika mabehewa ya kulala ya treni, akapata ardhi Dakota Kusini akalima, akaandika riwaya na kuziuza mwenyewe mlango kwa mlango. Riwaya yake The Homesteader, ya mwaka 1917, iliwavutia wenye Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya filamu iliyomilikiwa na watu weusi. Walitaka kuifanya filamu. Micheaux alitaka awepo mwenyewe kuisimamia kazi. Hawakuafikiana. Basi akarudi kwa wanunuzi wa vitabu vyake, wengi wao wakulima wazungu wa pande za Sioux City katika jimbo la Iowa, akawauzia hisa za dola 75 hadi 100 kila moja. Mwaka 1919 filamu ikaonyeshwa Chicago. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na viatu. Wasemao kwamba mchango wa umma kwa ajili ya filamu ni uvumbuzi wa vijana wa intaneti wamekosea kwa miaka tisini.

Mwaka uliofuata Micheaux alitoa Within Our Gates, yenye kuogofya kuliko hadithi yoyote ya wanyonya damu, kwa sababu iliwaonyesha watu weusi wakiuawa kwa kunyongwa na kundi la wazungu wenye hasira. Bodi ya ukaguzi ya Chicago iliikataa kwanza, kwa kuchelea ghasia kama zile zilizoutikisa mji huo mwaka 1919. Naam, bodi nayo ina mkasi wake. Lakini huo ni mkasi unaoonekana, na mtu anaweza kuupinga hadharani, kama Micheaux alivyofanya. Mkasi wa mwenye fedha hukatia ofisini, na mtazamaji hajui kamwe ni nini kilichoondolewa.

Sasa tumfikie Spike Lee, ambaye ndiye aliyezusha ubishi huu mwaka 2013. Filamu yake ya kwanza ndefu, She's Gotta Have It ya mwaka 1986, iligharimu kama dola 175,000, nazo alizipata kwa kuwaandikia barua karibu watu wote aliowafahamu. Hata chupa tupu zilikusanywa ili zirudishwe dukani kwa senti. Fedha za kumalizia Malcolm X zilipokauka mwaka 1992, aliwapigia simu Oprah Winfrey, Michael Jordan, Magic Johnson, Prince, Tracy Chapman na wengineo, nao wakampa, wala haukuwa mkopo. Mwaka 1996 wanaume weusi kumi na watano waliunganisha fedha zao kugharimia Get on the Bus. Mtu wa namna hiyo anapofungua mchango katika Kickstarter tunaweza kumlaumu kwa mengine, lakini si kwa kufuata upepo.

Mchango ulianza Julai 2013 na kudumu siku 30. Lee aliomba dola 1,250,000. Akapata zaidi ya dola 1,400,000 kutoka kwa watu zaidi ya 6,400. Mwongozaji mwenzake, Steven Soderbergh, alitoa dola 10,000, na shukrani yake ilikuwa chakula cha jioni pamoja na kiti kando ya Lee katika mchezo wa mpira wa kikapu wa New York Knicks. Wengi walitoa kidogo. Hadithi yenyewe Lee hakuieleza yote. Alisema tu kwamba inawahusu watu wenye uraibu wa damu. Filamu ilipotoka, kwa jina la Da Sweet Blood of Jesus, ikadhihirika kwamba ni ile ile Ganja & Hess iliyotengenezwa upya, na jina la Bill Gunn, miaka ishirini na mitano baada ya kifo chake, liliandikwa pamoja na la Lee kama watunzi wa mswada.

Najua jina la filamu hiyo limewakwaza baadhi yenu. Nami sitetei kila picha iliyomo; ina uchi na damu nyingi, na vijana wa Kipaimara wasiitazame. Ninachokitetea ni jinsi ilivyopata kuwapo. Filamu iliyopokonywa kutoka mikononi mwa mtunzi wake kwa sababu mwenye fedha alikuwa mmoja, miaka arobaini baadaye iliundwa tena kwa fedha za watu elfu sita na zaidi, na safari hii hapakuwa na wa kuikata.

Utaratibu wenyewe, kwa wasioujua, ni huu. Kickstarter ilianzishwa mwaka 2009. Mwombaji hutaja kiasi anachohitaji na siku ya mwisho. Kiasi kisipotimia, hakuna anayetozwa hata senti moja. Kikitimia, kampuni huchukua asilimia 5, kisha zipo ada za malipo, na kinachobaki ni cha mwombaji. Mchangiaji hupata zawadi, pengine fulana, nakala ya filamu, au jina lake kuandikwa mwishoni. Hapati hisa. Filamu ikivuna mamilioni, yeye hapati faida. Na akiona sehemu fulani haimpendezi, hana haki ya kuamuru ikatwe.

Watu wengi huona kasoro hapo: natoa fedha yangu, similiki kitu. Mimi naona hilo ndilo pato lake. Mwekezaji mmoja wa dola milioni moja anaweza kuketi karibu na mhariri na kumwelekeza. Wachangiaji elfu sita hawawezi kushika mkasi mmoja. Wingi wao na uchache wa kila fungu humwachia msanii nafasi ambayo hakuna mkataba wa studio ungempa. Tangu mwaka 2016 sheria ya Marekani inawaruhusu watu wa kawaida kununua kwa njia ya mtandao hisa ndogondogo za kampuni changa, zikiwemo za filamu. Sina neno dhidi ya hilo. Lakini anunuaye hisa anatafuta faida, na atafutaye faida, hata akiwa na roho njema, siku moja ataanza kuuliza kwa nini filamu haina mwisho wa kufurahisha.

Uhuru huo, hata hivyo, una deni, na hapa nataka kuwa mkali. Kickstarter haihakikishi kwamba kazi itakamilika. Wajibu ni wa mwombaji. Mtume Paulo alipozunguka akiwachangishia waamini wa Yerusalemu hakukubali kuibeba fedha peke yake. Someni sura ya nane ya barua yake ya pili kwa Wakorinto: pamoja na Tito anatumwa ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asipatikane wa kumshuku mtu yeyote kuhusu wingi wa fedha ile. Mtume mwenyewe alijiwekea shahidi! Basi mtengeneza filamu aliyepokea dola 20 za mhudumu wa hoteli, kisha akanyamaza miezi kumi na minane bila barua wala maelezo, asiseme kwamba sanaa ina wakati wake. Kuchelewa kunavumilika. Kunyamaza ni dharau kwa aliyetoa.

Kwa kipimo hicho Lee alisimama vizuri. Juni 2014, mwaka haujatimia tangu mchango ufungwe, filamu ilionyeshwa New York katika tamasha la American Black Film Festival. Januari 2015 ilipatikana kwa malipo katika mtandao wa Vimeo, na Februari ikaingia katika kumbi chache. Wahakiki wengi hawakuipenda, na mapato ya kumbi yalikuwa madogo. Je, wachangiaji walipunjwa? Waliahidiwa filamu, wakapata filamu. Kuahidiwa filamu nzuri ni jambo ambalo hata studio kubwa hawaliwezi.

Hoja iliyo ngumu zaidi ni ile ya yule mjane. Wahubiri tunazipenda mno zile senti zake mbili, hasa siku ya harambee. Ni mara chache tunakumbusha kwamba katika Injili ya Marko, kabla tu ya simulizi hilo, Yesu anawaonya watu juu ya walimu wa sheria wanaozila nyumba za wajane. Mtu mashuhuri, mwenye viti vya mbele kwenye mchezo wa Knicks, kuwaomba watu wa mshahara mdogo: je, si hapo hasa onyo lilipoelekezwa? Lee alijibu kwamba amewaleta Kickstarter watu wapya, weusi wengi miongoni mwao, ambao baadaye wangewasaidia wengine. Jibu hilo nalikubali nusu. Umaarufu ni ngoma kubwa. Ikipigwa, watu huja, lakini filimbi ya jirani haisikiki. Wengi wa wanaoomba si akina Lee. Kwa jumla ya miaka yake, chini ya nusu ya miradi ya Kickstarter imefikia lengo, na aliyeshindwa huondoka mikono mitupu.

Ndiyo maana mfano ninaoupenda zaidi ni wa Justin Simien, ambaye mwaka 2012 hakuwa akijulikana. Alitumia fedha alizorudishiwa na idara ya kodi kutengeneza kionjo kifupi cha filamu ambayo bado haikuwapo, Dear White People, kisha akaomba dola 25,000 katika Indiegogo. Alipata zaidi ya dola 40,000. Fedha hizo hazikutosha kutengeneza filamu nzima, bali ziliwaonyesha wawekezaji kwamba wapo watu wanaoingoja, nao wakaongeza. Mwaka 2014 filamu ikapata tuzo Sundance. Mwaka 2020 Simien huyo huyo alirudi Sundance na filamu ya kutisha, Bad Hair, juu ya mwanamke mwajiriwa ambaye nywele zake za kushonea zina kiu ya damu. (Sijui akina mama wa WAWATA watasemaje.)

Kwa nini filamu za kutisha na za kusisimua, mnauliza, na si za maisha ya watakatifu? Sababu ya kwanza ni ya kimfukoni. Hadithi ya hofu inahitaji nyumba moja, usiku, na waigizaji wanne. Mtazamaji haji kwa ajili ya nyota wa sinema, anakuja kuogopa. Asiye na kitu huanzia hapo. Sababu ya pili ina uzito zaidi. Kwa mtu mweusi wa Marekani, gari linalomfuata polepole usiku katika mtaa wa matajiri si mbinu ya sinema tu. Kuna ndugu zake ambao hawakurudi nyumbani. Jordan Peele alilifungua onyesho la kwanza la Get Out, mwaka 2017, kwa picha hiyo hiyo. Filamu yake haikuwa ya mchango. Kampuni iliigharimia kwa dola milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya milioni 250, na mwaka 2018 Peele akapokea Oscar ya mswada asilia, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Tangu hapo kisingizio cha kwamba hofu ya mtu mweusi haina soko hakisimami tena. Kizazi kizima kabla yake kilikuwa kimekwisha kukisikia milangoni.

Juu ya wahitaji walio malangoni petu, jibu langu ni fupi. Fungu la maskini lisiguswe. Mchango wa filamu utoke katika mfuko ule ule unaolipia king'amuzi na tiketi za mpira, nanyi mnajua una kiasi gani.

Nimesema sana juu ya fedha za kutengenezea, lakini upo mkasi wa pili, nao ni mlango wa ukumbi. Haile Gerima, Mwethiopia aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, alihangaika kama miaka tisa kutafuta fedha za Sankofa, filamu juu ya utumwa iliyopigwa Ghana na Jamaika. Mwaka 1993 ilishindanishwa Berlin. Marekani haikupata msambazaji. Gerima na mkewe, ambaye pia ni mtayarishaji mwenzake, wakakodi kumbi wenyewe, mji baada ya mji, na vikundi vya jamii vikawaleta watu. Mke huyo, mzaliwa wa Marekani, anaitwa Shirikiana Aina. Ndiyo, Shirikiana, kitenzi chetu sisi, kilichovuka bahari katika miaka ile ambapo Wamarekani weusi walijichagulia majina na maneno ya Kiswahili. Mwaka 2021, kampuni ya Ava DuVernay, ARRAY, iliisafisha Sankofa upya na kuifikisha Netflix. Miaka ishirini na minane! Hivyo kijana akikuomba mchango, muulize pia filamu itaonyeshwa wapi. Asiye na jibu hajafikia nusu ya kazi.

Muulize na mengine. Haki za filamu zitakuwa za nani itakapokamilika? Akipata nusu tu ya kiasi anachohitaji kwa jumla, nusu ya pili itatoka kwa nani, na huyo atadai nini? Wapo wanaochangisha kwa umma dola 30,000 kisha wanaiuza kazi yote kwa mwekezaji mmoja kabla kamera haijawashwa. Hapo mchangiaji amemnunulia mwingine mkasi. Muulize atawaandikia wachangiaji mara ngapi, na soma alichowaandikia wale wa mradi wake uliopita. Kijana mwaminifu hatachukia maswali haya. Wale walionitumia anwani za michango wiliyoombwa na watoto wao, nimewarudishia maswali hayo hayo, na bado nangoja majibu ya wawili.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye barua ya Yakobo tuliyoiachia sura ya tatu. Dominika njema.